Molly Weir na sauti ya Springburn

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita mliuliza ni mchekeshaji gani wa enzi za redio anayestahili kukumbukwa hata na wale ambao hawakuwahi kumsikia. Jibu langu ni Molly Weir wa Scotland, ambaye kwa miaka mingi alipewa nafasi za pembeni, hasa za watumishi, lakini akazitendea haki kuliko wengi waliopewa nafasi kubwa.

Alizaliwa mwaka 1910 jijini Glasgow, akakulia Springburn, mtaa wa mafundi wa garimoshi. Baba yake alifariki katika Vita Kuu ya Kwanza; mama akaenda kupaka rangi mabehewa katika karakana ya Cowlairs, huku bibi akilea watoto. Nyumba ilikuwa finyu, na Molly alilala kitanda kimoja na bibi yake. Viatu, kama jina la kitabu chake cha kwanza cha kumbukumbu, Shoes Were for Sunday, linavyosema, vilikuwa vya Jumapili. Mdogo wake, Tom, naye alikuja kujulikana kwa kupanda milima na kutangaza.

Kabla ya kuishi kwa sanaa alikuwa karani wa hati mkato, tena mwenye kasi ya kusifika. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliingia katika ITMA, kipindi cha vichekesho cha redio ya BBC cha mchekeshaji Tommy Handley, kilichokoma Handley alipofariki mwaka 1949. Kisha kikaja kipindi cha familia ya Lyon: Ben Lyon na mkewe Bebe Daniels, waigizaji Wamarekani waliobaki London wakati wa mabomu ya vita hivyo, ambao kuanzia mwaka 1950 waliigiza maisha ya nyumbani pamoja na watoto wao wenyewe, mmoja wa kumzaa na mwingine wa kuasili. Molly alikuwa Aggie, mtumishi wao. Redioni hakuna sura wala vazi. Msikilizaji anapaswa kumtambua aliyeingia kwa neno la kwanza tu, na sauti ile nyembamba, kali, yenye lafudhi nzito ya Glasgow, haikuweza kuchanganywa na ya mtu mwingine. Wapo watakaosema kwamba lafudhi hiyo ndiyo iliyomfunga jikoni mwa wengine. Ni kweli kwa sehemu, ila ndiyo pia iliyompa kazi hadi uzeeni: matangazo ya sabuni ya Flash, kisha mchawi wa Kiskoti katika Rentaghost, kipindi cha watoto, akiwa anakaribia miaka 70.

Hata hivyo, kinachonifanya nimtaje yeye ni kile kitabu cha kumbukumbu, kilichotoka mwaka 1970 na kufuatwa na vingine. Alifariki Novemba 2004 akiwa na miaka 94. Anayetaka kumfahamu leo na aanzie humo, kabla ya vipindi, maana humo hachezi mtumishi wa mtu, na bibi yake amepewa nafasi kubwa kuliko nyota yeyote aliyewahi kufanya naye kazi.