Nimekuwa Mgeni kwa Miaka Sita Katika Kanisa la Mume Wangu

*Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Nina umri wa miaka 33. Nililelewa Nakuru, mtaa wa Langa Langa, na kwa kuwa wazazi wangu ni wa makabila mawili, lugha ya nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili. Niliolewa huku miaka sita iliyopita, nikalifuata kanisa la mume wangu, ambalo ni la Kianglikana kama letu la Nakuru nilikobatizwa, ila ibada wanayohudhuria watu wa familia yake ni ya Dholuo, lugha ya Wajaluo, na mpaka leo katika kila maneno matano nashika moja. Mume wangu alipeleka ayie, ile sehemu ya mahari anayopewa mama wa binti, kwa mama yangu, lakini hatujafunga ndoa kanisani, kwa hivyo sipokei Meza ya Bwana wala siwezi kujiunga na Umoja wa Kina Mama. Nilijaribu kwaya, na mwalimu akasema mbele ya wote kwamba sauti yangu inawapoteza wenzangu. Kila mara tunahubiriwa kwamba Mungu amempa kila Mkristo kazi yake. Nimefunga na kuomba. Nimejaza hata orodha ya maswali ya karama kwenye simu, ikanijibu kwamba mimi ni nabii, nikacheka peke yangu jikoni. Huwa naketi benchi la mwisho na kutoka wimbo wa mwisho unapoanza. Jumapili iliyopita nesi mmoja Mkisii aliyehamishiwa hapa aliketi kando yangu, akaninong'oneza kuniuliza Siku ya Mavuno imetangazwa kuwa lini. Sikujua, tukabaki kutazamana. Shangazi, nitaijuaje nafasi yangu? Au nitafute tu kanisa lenye ibada ya Kiswahili?*

*Mgeni wa Miaka Sita*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naona kwamba swali uliloliweka mwishoni silo linalokuumiza. Unauliza nafasi yako ni ipi, lakini yaliyoijaza karatasi ni mengine: lugha usiyoielewa, ndoa isiyofungwa kanisani, neno la mwalimu wa kwaya, na hilo benchi la mwisho. Hata ungeamka kesho umejaliwa karama zote alizozitaja Mtume Paulo, bado Jumapili ungeketi pale pale na kutoka wakati ule ule. Kwa hivyo karama nitaziacha kwanza, nizirudie baadaye.

Tuanze na ndoa, kwa sababu huo ndio mlango ambao ninyi wawili mnaweza kuufungua wenyewe. Kwa kawaida Umoja wa Kina Mama huwapokea wanawake waliofunga ndoa kanisani, na sitakudanganya kwamba kanuni hiyo haiumi, kwani nimewaona wanawake waliolea watoto wao kwa heshima na kuwauguza wakwe zao mpaka kaburini wakiketi kando huku wenzao wakiandamana na sare zao. Hata hivyo, huo Umoja ni chama kilichomo ndani ya kanisa, na kilichokuingiza wewe kanisani ni ubatizo ulioupokea Nakuru, ambao haukufutika ulipopanda gari kuja Kisumu. Mtu asikuite hawara pia, kwa maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaihesabu ndoa ya kimila iliyosajiliwa kuwa sawa na ya Kikristo. Kama ninyi hamjaisajili, hilo nalo mlishughulikie.

Hukuniambia ni kwa nini hamjafika madhabahuni. Nadhani ni pesa, kwa sababu mara nyingi huwa ni pesa: hema, keki, sare za wasimamizi, na shemeji wa Nairobi anayetaka arusi isubiri mpaka Desemba ya mwaka ambao haufiki. Kanisa lenu haliulizi keki. Linataka majina yenu yatangazwe Jumapili tatu, kisha msimame mbele ya kasisi na mashahidi wenu, na iwapo nyombo, yaani mahari, haijakamilika wazee wa pande mbili wakae waelewane ili pasiwepo mtu wa kuinuka siku hiyo na pingamizi. Makanisa mengi pia hupanga siku moja ya kufungisha ndoa za watu walioishi pamoja miaka mingi, watoto wao wakiwa wamekaa mbele wakicheka. Zungumza na mume wako kwa utulivu, na umwambie wazi kwamba jambo linalokukosesha usingizi ni Meza ya Bwana, wala si gauni. Huenda hajui, kwa sababu yeye akiingia pale anaingia nyumbani kwao.

Kuhusu kwaya nitasema kidogo. Mwalimu alikosa adabu, ila huenda hakukosa sikio. Msamehe na uiache kwaya. Kushindwa mbele ya watu si mwisho wa kazi: hata Umoja wa Kina Mama ulianzishwa mwaka 1876 huko Uingereza na Mary Sumner, mke wa kasisi, na husimuliwa kwamba siku alipowaita kina mama nyumbani kwake kwa mara ya kwanza alishikwa na hofu hata akashindwa kusema neno, akawaomba warudi wiki iliyofuata. Nabii wa simu naye mwache apumzike, maana maswali yale unayajibu mwenyewe kuhusu nafsi yako mwenyewe, na hakuna aliyekuona ukifanya kazi yoyote.

Hapo kwenye kuonwa ndipo ninapotaka tukae.

Nilipokuwa mke mchanga huko Nakuru nilipewa kazi ya kufua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba msichana aliyesomea shule ya bweni hawezi kushindwa na pasi. Ilikuwa pasi ya makaa. Jumamosi moja cheche iliruka kutoka kwenye matundu ya nyuma, ikatua katikati ya kitambaa cheupe, na kabla sijaipangusa ilikuwa imeacha tundu lenye ukingo wa kahawia, upana wake kama shilingi. Mama mmoja mzee alikuwa pale akipanga maua. Hakunigombeza. Alikikunja kitambaa kile ili tundu lielekee ukutani, akanishika mkono mpaka kwa mhazini wa parokia, akamwambia, "Huyu hesabu anaziweza, pasi haiwezi." Alikuwa amenisikia wiki mbili nyuma nikimsahihishia muuza maua jumla yake. Nikahesabu sadaka kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuota ndoto wala kusikia sauti iliyoniita kwenye kazi hiyo. Niliambiwa na mtu aliyekuwa karibu vya kutosha kunisikia nikibishana na muuza maua.

Wewe, mwanangu, nani atakwambia? Anayetoka wimbo wa mwisho unapoanza hajulikani anaweza nini. Sikulaumu kwa kutoka mapema, maana najua ilivyo kusimama uwanjani baada ya ibada huku watu wakicheka kwa lugha ambayo hujui kama wanakucheka wewe. Lakini uwanja ule, baada ya baraka, ndipo watu wanapobebeana watoto, wanapoulizana habari za wagonjwa na kutumana, na ndipo kazi nyingi za kanisa zinapogawanywa bila kikao chochote.

Sasa karama. Fungua 1 Wakorintho 12 katika Biblia yako ya Kiswahili. Katika mstari wa 7 Paulo anasema kwamba kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho "kwa kufaidiana", na neno hilo moja linatosha kuligeuza swali lako, kwa sababu mtu hawezi kufaidiana akiwa peke yake jikoni. Swali la kufaidiana huanzia kwa mwenzako: anakosa nini ambacho mimi ninacho, au ambacho ninaujua uchungu wa kukikosa? Kisha teremka mpaka mstari wa 28, ambapo Paulo anataja mitume, manabii, waalimu, miujiza na uponyaji, na kabla hajafika kwenye maongozi na aina za lugha, anaweka neno "masaidiano". Sijawahi kumwona mtu akifunga siku tatu akiomba masaidiano, na bado limewekwa mle mle, tena limetangulia maongozi.

Baada ya hapo soma Matendo ya Mitume, sura ya 6. (Sikupeleki kwa Ruthu, yule mke mgeni aliyemfuata mama mkwe wake, kwa kuwa najua umeshahubiriwa Ruthu tangu wiki uliyoolewa.) Katika kanisa la Yerusalemu, Mitume wenyewe wakiwapo, palizuka manung'uniko kwa sababu wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Sidhani kuna aliyewachukia. Wenye lugha ya nyumbani walikuwa wengi, walioketi pembeni hawakusikika, basi wakapitwa. Mitume hawakuwaambia wajane wale wajitahidi kuomba zaidi, bali waliamuru watu saba wachaguliwe, na ukiyasoma majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Kazi ile haikuwapo wiki moja kabla. Ilizaliwa na pengo, na wanaoonekana kukabidhiwa pengo hilo ni watu waliolijua kwa kulikalia.

Kwa hivyo turudi kwa nesi wako. Umenisimulia habari zake kama ushahidi wa unyonge wako, kwamba mtu alikuuliza jambo dogo ukashindwa kumjibu. Mimi nimelisoma tofauti. Wewe ni Mwanglikana tangu utotoni, na utaratibu wa ibada ni ule ule uliokulia nao Nakuru, kwamba sasa ni maungamo, sasa ni somo, sasa ni Imani ya Mitume, kwa hivyo hata katika Dholuo unajua mlipofika. Yanayokupita ni mahubiri na matangazo. Mahubiri unaweza kuyapata kwingine. Lakini kanisa la kwetu huishi katika matangazo: nani amefiwa, mchango ni wa nani, vijana wanafagia lini, mavuno ni lini na kila jumuiya italeta nini. Anayekosa matangazo miaka sita hukosa misiba sita ambayo angeipikia chai. Na wewe na nesi mliketi benchi moja mkiyakosa pamoja, nami sidhani mko wawili tu, kwa maana Kisumu ni mji wa gati, hospitali na vyuo, unaopokea watu wa kila kabila.

Nenda kwa kasisi wenu katikati ya wiki. Usiende kumlalamikia wala kumwomba cheo. Mwambie kwamba wapo watu kadhaa nyuma wasioelewa Dholuo, na kwamba ungependa kupewa matangazo Jumamosi jioni ili uwaeleze kwa Kiswahili baada ya ibada, pale pale uwanjani. Iwapo ataona vema yasomwe kwa lugha zote mbili, dakika tatu hazitamuua mtu. Akikataa, na wengine hukataa, matangazo unaweza kuyapata kwa mama mkwe wako, jambo ambalo huenda likakufaa zaidi, kwa sababu kuketi naye Jumamosi na Muma wake, yaani Biblia ya Dholuo, akikusomea somo la kesho yake kutakufundisha Dholuo kuliko miaka sita ya kukisia. Kazi hii haihitaji sare wala cheti cha ndoa, nawe usiidharau kwa sababu hiyo.

Kuhusu kuhamia kanisa lenye ibada ya Kiswahili, si dhambi, na wala Mungu hakukuandikia benchi. Ikiwa baada ya mwaka mmoja wa kukaa mpaka baraka, wa kuzungumza na kasisi na wa kulisukuma suala la ndoa bado unatoka pale umevunjika moyo, hama pamoja na mume wako, kwa kuaga. Lakini ukihama sasa, nina hofu kwamba hata huko utatafuta benchi la karibu na mlango.

Jambo moja limenishangaza. Umeniandikia kabila la yule nesi, kazi yake, hata kwamba alinong'ona, lakini jina lake hukulitaja, nami nashuku kwamba hukumuuliza. Muulize Jumapili hii, na umwambie Mavuno ni lini.

Shangazi