Jibu: Ndiyo, mtu binafsi anaweza kumiliki chombo cha anga
Mkuu, umeuliza kama mtu binafsi anaweza kumiliki kihalali vifaa vya safari za anga. Anaweza kabisa. Mfano ninaoupenda ni Lunokhod 2, gari la Wasovieti lililofika mwezini Januari 1973. Muungano wao ulipokwisha vunjika, kiwanda cha Lavochkin kilicholitengeneza kililipeleka mnadani Sotheby's, New York, Desemba 1993. Richard Garriott, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta, akalinunua kwa dola 68,500. Gari lenyewe bado liko mwezini, na wanasayansi hulielekezea leza kutoka duniani kupima umbali, maana vioo vyake vilivyotengenezwa Ufaransa vingali vinafanya kazi!

Marekani nayo, sheria ya 2012 iliwapa wanaanga wa Apollo, mpango wa Marekani wa kupeleka watu mwezini, umiliki wa vifaa walivyobaki navyo. Mawe waliyoleta kutoka mwezini hayamo, ni mali ya serikali. Ukiuziwa, usiguse.