Joto la nyumba: kulizima au kuliacha? Barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika. Umeniuliza mawili: kama ni nafuu kuacha joto la nyumba likiwaka kutwa ukiwa kazini kuliko kulipunguza na kulipandisha jioni, na kama ununue hita ya umeme, maana sebule haishiki joto. La kwanza jibu lake ni fupi: lipunguze. La pili, usinunue chochote kabla hujajua joto linatorokea wapi.

Wanaokwambia kwamba kupasha nyumba upya kunakula zaidi wamekosea. Nyumba hupoteza joto kadiri ya tofauti iliyopo kati ya ndani na nje. Nje kukiwa na digrii 0 na ndani 20, joto linalotoka ni mara mbili ya lile ambalo lingetoka ndani kukiwa na 10. Kwa hiyo kila saa nyumba inapokaa na ubaridi kidogo, hasara inapungua, na moto wa jioni hauwezi kuzidi ulichookoa mchana. Weka themostati, yaani kidhibiti cha joto ukutani, digrii 19 au 20 ukiwepo, 16 ukiondoka. Usiishushe sana kupita hapo, kwa sababu ukuta ukipoa mno unyevu wa hewa hutua juu yake na ukungu huota. Akija kukaa kwako mzee au mtoto mchanga, isipungue 18 mchana wala usiku. Na ukirudi usiipandishe hadi 28 ukitarajia joto lije upesi: themostati haiongezi kasi, inaamua tu moto usimame wapi. Kama nyumba inapashwa na pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, shusha digrii moja au mbili tu. Pampu nyingi zikilazimishwa kupandisha joto kwa haraka huwasha hita ya umeme ya dharura, na ulichookoa kinapotea hapo hapo.

Sasa sebule. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini nyumba ikivuja hakuna anayepata nafuu. Subiri siku ya upepo, washa kijiti cha udi, ukipitishe polepole kandokando ya fremu za madirisha, chini ya mlango, mahali mabomba yanapopenya ukutani na kwenye kifuniko cha kupandia darini. Moshi ukipinda, hapo ndipo. Kwa dirisha linalofunguka, bana kipande cha karatasi kisha ukivute. Kikitoka bila kukaza, mpira wake umekwisha. Ufa usiochezacheza, kama ule kati ya fremu na ukuta, uzibe kwa silikoni. Sehemu zinazofunguka zinataka utepe wa mpira au sponji wenye gundi, na chini ya mlango pigilia brashi ndefu. Watu wengi huharibu kazi hii kwa kubandika utepe juu ya vumbi au unyevu, ukabanduka baada ya siku chache. Futa kwanza kwa spiriti, acha pakauke. Wengine hununua utepe mnene kuliko nafasi yenyewe, mlango ukakataa kufunga. Pima kabla ya kununua.

Lakini matundu ya hewa yaliyojengwa makusudi usiyaguse, hasa chumba chenye jiko la gesi, boila (mtambo wa kupasha maji ya joto la nyumba) au moto wa kuni. Moto ukikosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Nunua king'ora chake hata kama utaacha mengine yote niliyoandika. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, hata dirisha likiwa wazi. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu na ukitoka nje unapata nafuu, zima moto, toka nje, usirudi ndani, ita msaada.

Umetaja pia kwamba rejeta ya sebuleni, lile bamba la chuma linalopitisha maji ya moto, ina joto chini na ubaridi juu. Hiyo ni hewa imenasa. Zima mfumo, subiri maji yapoe, kinga kitambaa na kikombe, kisha fungua skrubu ndogo ya pembeni juu kwa ufunguo wake, robo hadi nusu mzunguko, bila kuitoa. Hewa itafoka, maji yakianza kutoka mfululizo, funga. Halafu tazama geji ya boila: mfumo ukiwa umepoa, presha iwe kati ya bar 1 na 1.5. Ikipungua, ongeza maji kwa valvu ya kujazia. Ukilazimika kuongeza kila wiki, kuna bomba linavuja. Rejeta ikiwa kinyume, moto juu na baridi chini, ni matope ya kutu na kutoa hewa hakutasaidia. Ita fundi ausafishe mfumo. Vilevile sogeza kochi, na pazia lisiifunike rejeta, maana joto lote litapanda nyuma yake na kuishia kwenye kioo. Pazia nzito zifungwe jua linapozama, ziachwe wazi upande wa jua mchana.

Usikaushe nguo sebuleni ukafunga kila kitu. Fungua madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku, ukiwa umefunga rejeta. Hewa inabadilika kabla kuta hazijapoa. Dirisha lililoachwa wazi kidogo kutwa nzima hupoza kuta bure.

Kuhusu hita, ya wati 2000 hula yuniti mbili kwa kila saa ya kuwaka mfululizo, iwe ya feni, ya mafuta au ya kioo, na kiasi cha joto inachotoa kwa yuniti ni kile kile. Usilipe zaidi kwa maneno ya muuzaji. Ukikaa peke yako ukisoma, blanketi la umeme la wati 100 litakutosha.

Ziba nyufa na utoe hewa kwenye rejeta, kisha niandikie geji inasoma ngapi na kama darini kuna sufi ya kuzuia joto, na unene wake kwa milimita. Ikiwa haifiki 270, tutapanga namna ya kuiongeza.

Mama yako