Mpe mtoto kamera kabla ya kumpa insha

Nafundisha Kiswahili darasa la tano Manzese, Dar es Salaam. Kwa miaka mingi niliandika ubaoni “Andika insha kuhusu siku ya mavuno,” halafu nikasahihisha rundo la madaftari yenye mistari mitatu mitatu. Wengi wa watoto hawa hawajawahi kushika jembe. Wanachokijua ni foleni ya maji, bodaboda na mama lishe anayewasha jiko saa kumi alfajiri. Maneno wanayo, mimi ndiye niliyekuwa nayatafuta shambani.

Nilipoanza kutumia picha nilikosea. Nilipiga mwenyewe sokoni, nikachapa, nikagawa. Wakaandika: “Hii ni picha ya soko. Watu wanauza.” Basi. Mtoto apige mwenyewe. Shuleni hawaruhusiwi kuja na simu, kwa hiyo nawaomba wazazi wawaachie ya nyumbani kidogo Jumamosi, kisha wanitumie picha moja kwa WhatsApp. Moja tu, kwa sababu akishachagua moja ameanza kutunga. Asiye na simu nyumbani nazunguka naye mtaani kwa simu yangu baada ya vipindi.

Msichana mmoja, mkimya sana, alipiga ndala zilizopangwa mlangoni pa chumba chao cha kupanga. Nilimuuliza, “Nani hayupo hapa?” Akanionyesha pengo kando ya ndoo. Akaandika: “Hapa zinakaa za kaka. Yuko Mbeya anajifunza ufundi. Mama hataki tuweke zetu hapo.” Akainua kichwa, akauliza kile kipande cha chini ya mlango kinaitwaje. Kizingiti, nikamwambia. Alilitumia neno hilo mara nne katika ukurasa uleule.

Njia hii ina wakongwe wake. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos huko Brazili, mwalimu Paulo Freire na wenzake walifundisha kusoma watu wazima wapatao 300 kwa kuanzia na maneno ya maisha yao wenyewe. Mpiga picha Wendy Ewald naye, miaka ya 1970 huko Kentucky, Marekani, aliwapa watoto kamera wapige familia zao na hata ndoto zao.

Wafundishe kwanza kuomba ruhusa: “Shikamoo bibi, naomba nikupige picha ya kazi ya shule.” Akikataa, basi. Mwanafunzi wangu mmoja alimpiga muuza samaki bila kumwambia. Mama wa watu akaja shuleni amekasirika, na haki ilikuwa yake. Tuliifuta picha mbele yake.

Kalamu nyekundu nayo iweke kando siku ya kwanza. Akiandika “alafu”, iache, mtairudia kesho.

Kazi zikikamilika nazibandika ukutani nje ya darasa, picha juu, maandishi chini. Siku ya wazazi, mama wa yule binti wa ndala alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akafika kwenye pengo, akanyamaza. Kisha akaniomba nakala amtumie kijana wake Mbeya.