Mliojiunga na muungano wa kudai nyumba za gharama nafuu, someni hili kabla ya kuandika barua ya kwanza

Neno linaloivunja miungano hii ni lilelile lililoikutanisha: "nafuu". Kwa mjenzi, nyumba nafuu ni ya mtu anayeweza kulipa mkopo wa miaka ishirini. Kwa chama cha wapangaji, ni chumba cha kibarua asiyejua kesho ataitwa kazini au la. Msipolimaliza hili mezani mapema, serikali italimaliza kwa niaba yenu, na kila mmoja atatoka na tafsiri yake.

Kipimo kilichozoeleka ni kaya kutotumia zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake kwa makazi. Kitumieni, lakini msikitegemee peke yake: kaya maskini ikishalipa hiyo 30, kinachobaki huenda kisitoshe chakula. Andikeni pia ukomo wa kipato. Sheria ya Kenya ya mwaka 2024, kwa mfano, hutenga nyumba za jamii kwa wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na nyumba za gharama nafuu kwa walio kati ya 20,000 na 149,000. Popote palipo na ngazi kama hizo, dai lenu la kwanza liwe mgao wa ngazi ya chini kabisa, uandikwe ndani ya sheria. Bila hivyo fedha hupanda juu zenyewe, kwa kuwa nyumba za wenye kipato hurudisha gharama haraka.

Hapo ndipo hesabu inapokuja, na wengi hukosea kwa kudai ruzuku ya ujenzi tu. Tuseme kaya ina kipato cha 1,000 kwa mwezi. Inaweza kulipa 300. Kuitunza nyumba (ukarabati, bima, usimamizi) kunagharimu 400. Hata jengo likitolewa bure, pengo ni 100 kila mwezi. Kwa kaya 5,000 hiyo ni 6,000,000 kwa mwaka, kila mwaka. Pengo lisipozibwa, paa huanza kuvuja, lifti hufa, na baada ya miaka michache wapinzani wa nyumba za umma huonyesha picha za jengo lenu. Kwa hiyo tenganisheni madai mawili: fedha za kujenga, na fedha za kuziba pengo la kodi ya pango.

Kisha fuateni fedha hadi mwisho wa njia. Kuna sheria inayoanzisha mfuko, kuna bunge kutenga, kuna hazina kutoa, kuna wizara kutumia. Ni milango minne, na ushindi kwenye mmoja haufungui unaofuata. Marekani ilianzisha mfuko wa kitaifa wa nyumba kwa sheria ya Julai 2008. Fedha zake zilipaswa kutoka Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni mbili kubwa zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji. Septemba mwaka huohuo kampuni hizo zikawekwa chini ya usimamizi wa serikali, michango ikasitishwa, na majimbo yakapata mgao wa kwanza mwaka 2016. Miaka minane sheria ilikuwepo, fedha hazikuwepo. Mnapodai mfuko, ulizeni chanzo chake kitafanya nini uchumi ukianguka, maana ndipo watu wanapofukuzwa majumbani.

Kalenda ya bajeti igeuzwe: anzeni na siku ya kwanza ya mwaka wa fedha, mrudi nyuma. Viwango vya juu vya matumizi ya kila wizara hupangwa miezi kadhaa kabla ya hotuba ya bajeti. Mkifika baada ya hapo, nyongeza yoyote ya nyumba hukatwa kwenye maji au barabara, na mmejitengenezea maadui bila sababu. Dai lifike wizarani kabla ya viwango kupangwa, na kwenye kamati ya bunge wakati wa makadirio.

Kikao na mbunge kiwe cha watu watatu: anayejua takwimu, mpangaji kutoka jimbo lake, na anayeandika. Karatasi iwe ukurasa mmoja, wenye jina la fungu la bajeti, kiasi cha mwaka huu, kiasi mnachotaka na idadi ya kaya. Ombi liwe moja. Mpangaji alipwe nauli na ujira wa siku aliyoikosa, na aulizwe anataka kusema nini. Si haki kumleta kama pambo.

Ndani ya muungano, andikeni mapema nani anaweza kusaini, kwa muda gani, na kiwango cha chini ambacho hakuna mwanachama atakayeshuka chini yake kwa makubaliano ya peke yake. Kwa kawaida mgawanyiko huja serikali inapowapa wajenzi msamaha wa kodi na kuahirisha ruzuku ya wapangaji.

Mahakama husaidia, ila haijengi. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mpango wa nyumba usiowajali wenye dhiki ya haraka unakiuka katiba. Irene Grootboom, aliyebeba jina la kesi hiyo, alifariki mwaka 2008 akiwa bado anaishi kwenye kibanda. Ndiyo maana bajeti ikishapita msivunje kambi: kila robo mwaka ombeni kwa maandishi taarifa ya kiasi kilichotengwa, kilichotolewa na kilichotumika, mziweke namba tatu hizo safu kwa safu. Panapokatika ndipo barua yenu inayofuata inapokwenda.