Muuza kahawa wa mkokoteni hubaki na kiasi gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila asubuhi nikishuka kwenye basi hukuta foleni mbele ya mkokoteni wa kahawa, na muuzaji hana hata nafasi ya kuinua kichwa. Nimehesabu vikombe anavyouza kwa saa moja, nikazidisha kwa bei na kwa saa za siku nzima, nikapata kiasi kinachoupita mshahara wangu wa ofisini. Je, ni kweli anapata fedha zote hizo, na je, niache kazi ninunue mkokoteni?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ndugu msomaji, kuzidisha umezidisha vizuri, ila umeishia kwenye mauzo, na tena umehesabu saa ya foleni. Ungepita saa tano ungemkuta muuzaji huyo huyo akipanga upya vifuniko alivyokwisha kuvipanga.

Kahawa yenyewe, ajabu, si mzigo mkubwa. Kwa kahawa ya kuchuja, kipimo cha kawaida ni gramu 60 hivi kwa lita moja ya maji, na kwa kuwa unga hunywa maji karibu mara mbili ya uzito wake, kilo moja hutoa vikombe 70 hivi vya mililita 200. Kinachouma ni kikombe cha karatasi na kifuniko chake, pamoja na maziwa, ambayo yakibaki jioni humwagwa.

Bei hutofautiana mno kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo nitahesabu kwa vikombe badala ya fedha. Tuchukue mfano kwamba bei ya kikombe ni sehemu 100, na vitu vyote vinavyoondoka na mteja vinagharimu sehemu 35, hivyo zinabaki 65. Tuseme pia kwamba leseni, malipo ya mahali pa kusimama, ulinzi wa usiku na marejesho ya mkopo, ambavyo hulipwa auze asiuze, vinameza kila siku thamani ya vikombe 40. Mtu huyo atafanya kazi bure mpaka kikombe cha 62. Akiuza 100, atabaki na thamani ya vikombe 25. Akiuza 130, atabaki na 44 na nusu. Na mvua ikinyesha akauza 70, atarudi nyumbani na thamani ya vikombe vitano na nusu. Ndiyo maana wauzaji wawili wa mtaa mmoja, wenye bei moja, wanaweza kuishi maisha tofauti kabisa.

Mauzo nayo yana dari yake. Espreso peke yake huchukua sekunde 25 hadi 30 kutoka kwenye mashine, kabla ya kuchemsha maziwa, kupokea fedha na kutafuta chenji. Ikiwa kila mteja atachukua dakika moja na nusu, saa nzima ni vikombe 40 tu, hata foleni ikizunguka kona. Anayemimina kahawa iliyokwisha kuchujwa humaliza foleni upesi zaidi, lakini kahawa hiyo ikikaa sana juu ya moto huchacha ladha, na mteja wa kila siku hutambua.

Isitoshe, huenda huyo unayemwona si mwenye mkokoteni, bali jioni hupeleka hesabu kwa mwenye mali na kubaki na kinachozidi. Hata akiwa ni wake, gawanya faida kwa saa zote, pamoja na zile za alfajiri za kubeba maji na za jioni za kuosha vyombo, ukikumbuka kwamba siku akiugua hakuna anayemlipa.

Kwa hiyo sikushauri kuandika barua ya kuacha kazi kwa sasa. Chukua likizo ya siku chache, moja iwe ya mvua ukibahatika, ukae karibu na mkokoteni huo tangu unapofunguliwa hadi unapofungwa, kisha uhesabu upya kuanzia kikombe cha 62.