Hatari ya umbo la katikati: ushauri kwa wabunifu wa vyombo vya anga

Mhandisi anayeanza kubuni muundo unaobadilika umbo ukiwa katika obiti kwa kawaida huchora michoro miwili: mmoja wa muundo uliokunjwa chini ya kifuniko cha pua ya roketi, na mwingine wa muundo uliokwisha kukunjuka. Nimekagua michoro ya namna hiyo kwa miaka mingi, na swali langu la kwanza ni lile lile siku zote: kazi ya kukunjuka ikikwama nusu njia, chombo kitabaki na umbo gani, nacho kitaweza kuendelea kuishi katika umbo hilo? Ushauri wote nitakaoutoa hapa unatokana na swali hilo.

Kukunja si jambo la hiari. Kioo kikuu cha darubini ya James Webb kina upana wa mita 6.5, ilhali kifuniko cha roketi ya Ariane 5 iliyoirusha tarehe 25 Desemba 2021 kilikuwa na kipenyo cha mita 5.4 kwa nje, na ngao yake ya jua ikikunjuliwa hufikia mita 21 kwa 14. NASA, shirika la anga la Marekani, ilihesabu sehemu 344 ambazo yoyote kati yake, kama ingeshindwa, ingeweza kuuvunja mradi mzima. Hazikushindwa, lakini ni miradi michache mno inayoweza kugharimia majaribio ya kiwango kile. Kwa hiyo nawe hesabu sehemu zako mapema, na kila bawaba, pini au kamba inayoweza kuondolewa iondoe kabla hujafikiria kuweka mota yenye nguvu zaidi.

Msuguano ndio adui ninayemhofia kuliko wote, na historia yake huanza hapa hapa ardhini. Antena kuu ya Galileo, chombo cha NASA kilichotumwa kwenye sayari ya Mshtarii (Jupita), yenye kipenyo cha mita 4.8, ilipoamriwa kufunguka mwezi Aprili 1991, baadhi ya mbavu zake zilinasa, na antena ikabaki imefunguka upande mmoja, isifae kwa lolote. Wachunguzi walihitimisha kwamba kilainishi kikavu kwenye pini za mbavu hizo kilikuwa kimesuguliwa kikaisha, hasa wakati chombo kiliposafirishwa kwa lori kuvuka Marekani. Ikumbukwe kwamba kilainishi cha aina hiyo hufanya kazi vizuri katika ombwe (mahali pasipo hewa) lakini huchakaa upesi katika hewa yenye unyevu, kwa hiyo kila safari, kila mwezi wa kukaa ghalani na kila jaribio la kufungua na kufunga ni sehemu ya usanifu, na yapasa kuandikwa katika kumbukumbu za bawaba husika. Galileo iliokoka kwa sababu ilikuwa na antena ndogo isiyotegemea kukunjuka. Usikubali kamwe mpango ambao mawasiliano ya kwanza au umeme wa kwanza wa chombo unangoja kitu kifunguke kikamilifu.

Jua laweza kuwa msaada mkubwa ukiliandalia nafasi. Mwaka 2005, kipande kimoja cha mlingoti wa mita 20 wa rada ya MARSIS, iliyobebwa na Mars Express, chombo cha Ulaya kinachozunguka Mirihi, hakikujifunga, yaani hakikukaza imara mahali pake baada ya kukunjuka. Waendeshaji wakakigeuza chombo ili jua liupashe joto mlingoti, na kipande kikajifunga. Mwaka 2023, antena ya mita 16 ya JUICE, chombo cha Ulaya kilichotumwa Mshtarii, ilizuiwa na pini ndogo, na joto la jua peke yake halikutosha. Kilichoikomboa ni mshtuko wa kifyatuo kingine (kifaa cha kuachilia sehemu iliyoshikiliwa) kilichokuwa katika kishikizo kile kile. Kutokana na visa hivyo viwili huwa nashauri kwamba chombo kiweze kugeuzwa upande wowote kuelekea jua hata kikiwa nusu wazi, na kwamba vifyatuo vyote visitumike kwa mkupuo mmoja.

Lipo pia suala la mwendo, ambalo wabunifu wa miundo huwaachia watu wa udhibiti wa mwelekeo wa chombo wakiwa wamechelewa. Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani, ilirushwa mwaka 1958 ikizunguka kwenye mhimili wake mrefu, lakini antena zake zinazonyumbuka zilipoteza nishati ya mzunguko huo hadi chombo kikaanza kupinduka kichwa chini miguu juu. Kiungo chembamba kinachokunjuka hubadili mgawanyo wa uzito na pia hutikisika, kwa hiyo programu ya udhibiti inahitaji namba za kila hatua ya mkunjuo, si za mwanzo na mwisho tu.

Kuhusu majaribio, mitambo inayobeba uzito wa muundo ili kuiga hali ya kutokuwa na mvutano huongeza msuguano wake yenyewe, na hewa ya maabara huzuia utando mwembamba usisogee utakavyosogea angani. Jaribu katika ombwe, katika baridi, huku upande mmoja ukipata joto. Kisha, na hili ndilo ninalolisisitiza zaidi, simamisha mkunjuo katikati kwa makusudi, upime mitetemo na ugumu wa muundo ukiwa hivyo, halafu uanze tena kutoka hapo.

Mwisho, amua kabla ya kurusha ni kiasi gani kinatosha. Moja ya paneli mbili za mviringo za chombo cha Lucy, kilichorushwa Oktoba 2021, haikujifunga imara mahali pake, ingawa juhudi za miezi kadhaa ziliifungua zaidi ya nyuzi 350 kati ya 360. Mapema mwaka 2023 NASA ilisitisha juhudi hizo, kwa kuona kwamba paneli ilikuwa imara vya kutosha, na Novemba mwaka huo chombo kikaipita asteroidi Dinkinesh. Uamuzi kama huo unahitaji mahesabu ya ugumu, umeme na udhibiti kwa kila pembe ya kukwama, na mahesabu hayo yafanywe wakati bawaba bado ziko mezani na zinaweza kubadilishwa.